Jumapili naanza muhula mpya Oman: niwaambie wanafunzi kuwa mimi ni Mswahili?

MwalimuWaChumbageni

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Tanga. Naishi Seeb, kando ya Maskati, na huu unaingia mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilifundisha sekondari Muheza miaka 6, darasa moja watoto 70 na kitu, chaki ikiisha nanunua dukani kwa hela yangu. Huku nafundisha darasa la nne, shule ya binafsi, watoto 26. Kiyoyozi kinapuliza mpaka navaa sweta, na nje ya dirisha ni nyuzi 40. Walimu tumesharipoti, tumebandika karatasi za rangi ukutani, tumekaa vikao vya kutosha kufundishia mwaka mzima. Wanafunzi wanaingia Jumapili. (Wiki ya huku inaanza Jumapili, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Mwaka jana Ijumaa yangu ya kwanza niliamka alfajiri, nikapiga pasi, nikasimama kituoni na mkoba begani nikisubiri basi la shule mpaka mlinzi wa jengo akanionea huruma.)

Swali langu ni dogo, ila limeninyima usingizi. Siku ya kwanza nikijitambulisha, niwaambie watoto kwamba nazungumza Kiswahili, au nikae kimya kama mwaka jana?

Najua mtasema: si useme tu, Oman yote imejaa Waswahili. Ngojeni nieleze.

Mwaka jana nilipofika, mkuu wa idara alinikalisha ofisini kwake akanipa maagizo. Wazazi wanalipa ada ili watoto wasikie Kiingereza, basi Kiingereza tu. Mzazi akiniuliza natoka wapi, nijibu kwa kifupi nigeuze maneno. La mwisho alilisema macho yako kwenye simu: kuna wazazi wanaotaka mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza chake, Mwingereza au Mmarekani au mtu wa Afrika Kusini, kwa hiyo nisiwape sababu. Ninayegawana naye meza ana pasipoti ya mojawapo ya nchi hizo. Alisomea mambo ya hoteli. Ni mtu mwema, ananiuliza mimi tofauti ya "since" na "for". Mshahara wake sitautaja hapa nisije nikalia mara ya pili.

Basi nikawa Miss. Miss asiye na kwao.

Darasani kulikuwa na binti mmoja, nitamwita Bi Kimya. Tangu mwisho wa Agosti mpaka zimeanza kutundikwa bendera za Sikukuu ya Taifa mwezi wa Novemba, hakufungua mdomo kwenye somo langu. Kuandika anaandika, hati yake ukiiona utadhani imechapwa. Ukimwuliza kitu anatazama meza. Nilijaribu kadi za picha, kazi za wawili wawili, vikaragosi vya soksi, nyimbo. Nikamwandikia mama yake, akanijibu kwamba mtoto ana haya, nimvumilie. Nikavumilia.

Siku moja dereva alichelewa, na alipokuja alikuja na bibi. Tulikuwa chini ya mwarobaini ulio karibu na geti, mimi nikiwa zamu. Bibi akateremka, akamtazama mjukuu miguuni, akasema: "Wewe mtoto, viatu ndo vimekuwaje tena hivyo?" Kiunguja kitupu! Na Bi Kimya, yule yule niliyemlilia miezi mitatu, akajibu kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake: "Nimekanyaga maji bibi, bomba limepasuka kule chooni."

Mdomo ulinitangulia. "Shikamoo bibi."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Marahaba. Kumbe mtoto wa kwetu! Na siku zote hizi umekaa kimya unatusikiliza tu?" Akanishika mkono hakuuachia. Aliondoka Unguja kigori, mwaka 1964. Akaniuliza kama mafenesi yangali yakiuzwa Darajani. Dereva alikaa garini nusu saa nzima injini inaunguruma.

Kuanzia hapo yule mtoto akawa anakuja mezani kwangu wakati wa mapumziko, ananong'ona. Swali lake la kwanza sitalisahau: "Mwalimu, 'borrow' na 'lend', ipi ndiyo kuazima?" Nikakaa chini. Kwa sababu kwetu kuazima ni kote kuwili, naazima kwako na nakuazima, na kumbe mtoto alikuwa amesimama kwenye shimo hilo hilo miezi yote, kila zoezi la maneno hayo anakosa, na hakuna aliyejua kwa nini. Nilimweleza kwa Kiswahili, dakika mbili. Wiki ya pili akanyoosha mkono darasani. Mwezi wa Machi alisimama mbele ya taburi la asubuhi (paredi yao, wimbo wa taifa, Kurani, mazoezi ya viungo, bila mchakamchaka) akasoma matangazo kwa Kiingereza, kipaza sauti kikubwa kuliko uso wake.

Mkadhani nilipongezwa. Mzazi mwingine alilalamika kwamba Miss anaongea Kiafrika na watoto. Nikaitwa. Nikapewa onyo la maandishi, mistari minne, nisaini hapa.

Na kuna aibu nyingine, hii niliitafuta mwenyewe. Baba mmoja, amezaliwa huku huku, Kiswahili amekipata kwa mama yake jikoni. Nilipogundua nikafurahi nikamwandikia: tuonane kesho saa tano. Mimi nikakaa na madaftari ya mwanawe saa tano asubuhi, hayupo. Yeye akaja saa kumi na moja jioni, akakuta geti limefungwa, akakaa na mlinzi wanakunywa chai. Kwake saa tano ni tano inayoonekana kwenye saa. Maneno ya Kiswahili anayo yote, jua letu hana.

Sasa orodha mpya ninayo mkononi. Nimeona majina ya ukoo ambayo ukiyataja Tanga mtu anakuuliza, wa Pangani au wa Unguja? Angalau watano. Najua miongoni mwao yupo Bi Kimya mwingine. Na barua ya onyo iko kwenye faili.

Mngefanyaje?

---

Kibokoni1974

Sikiza dadangu. Mie ni mtu wa Mombasa, nimefundisha Ghuba miaka 14, mwanzo kwengine, sasa niko Sur, huku huku Oman. Onyo kama hilo lako ninalo mawili, moja nimelipigia fremu.

Kunyamaza na kuficha ni mambo mbali mbali. Siku ya kwanza usitangaze. Mtoto akikuuliza, mjibu ukweli mara moja, kwa Kiingereza, uendelee na somo. Mimi hufanya hivyo na hakuna mkubwa aliyenishika kwa hilo, maana ni swali limejibiwa kwa lugha ya somo.

Lakini Kiswahili chako kikubwa si cha mdomo, ni cha sikio. Mwingereza yule wa pasipoti akisikia mtoto asema "bencil" na "Bakistan", yeye hurudia tu kwa sauti kubwa zaidi, pencil, PENCIL. Mtoto naye asikia kitu kile kile, kwa kuwa Kiarabu hakina P, sikio lake halijawekewa mahali pa kuitua. Mimi kwetu Kibokoni nililelewa na paa la nyumba na p'aa wa porini, tofauti ni pumzi tu. Basi nawapa kila mtoto kipande cha karatasi nyepesi, ashike mbele ya midomo. Sema "bin", karatasi itulie. Sema "pin", karatasi iruke. Siku hiyo darasa huwa kelele tupu na vikaratasi vyatapakaa, lakini ikifika Alhamisi penseli imekuwa penseli. Nakushauri uanze nalo wiki ya kwanza, lachekesha na huvunja haya.

Lengine. Wataandika "She teacher", "My father tall". Usidhani ni uvivu. Kiarabu hakiweki neno kama "is" hapo katikati, na sisi pia twasema "yeye mwalimu" na ulimwengu hauanguki. Wewe wajua utamu wa kuliacha lile neno, kwa hivyo wajua pa kuwashika. Kwa upande mwengine, usiwacheke wakiita kitabu "he". Kwao kila kitu ni mume au mke. Mimi na wewe ndio wa kuchekwa, tulokulia kwenye "yeye" mmoja wa wote. Saa ya mwisho, nimechoka, mara ngapi nimemwita mama wa mtu "he" mbele ya uso wake!

Na tahadhari moja kwa wageni wengine watakaosoma: maneno yetu ya Kiarabu yatakusaidia sana, ukisema daftari, kalamu, kitabu, darasa zima litachomoa vitu kabla hujamaliza. Lakini usimwite mtoto "rafiki". Huku neno hilo watu huwaitia vibarua wa Kihindi na Kibangali barabarani. Nilimwita mwanafunzi hivyo kwa mapenzi mwaka wangu wa kwanza, wenziwe wakacheka mpaka machozi, naye akakasirika juma zima.

Kuhusu saa tano pole. Mimi huandika 11:00 na kitu kimekwisha.

---

Mkale_KhonKaen

Niaje mwalimu. Mimi ni Mkenya, nafundisha Thailand, Khon Kaen, kaskazini mashariki. Kwetu muhula wa kwanza ulianza katikati ya Mei, kwa hiyo nyinyi mkibandika karatasi ukutani sisi tunakaribia kumaliza. Darasa langu lina watoto 44 na feni tatu, moja inafanya kazi.

Nitasema jambo ambalo halitapendwa. Onyo ni onyo. Uko kwa kibali cha mtu, kibali kikifutwa unarudi nyumbani na mkopo wa tiketi. Usijifanye shujaa siku ya kwanza. Mwandikie mkuu wa idara barua pepe fupi kabla ya Jumapili: naomba ruhusa, mtoto anayejua Kiswahili akikwama nimsaidie nje ya kipindi. Akikubali una karatasi. Akikataa pia una karatasi.

Hilo la "mwenye lugha yake" lilinikuta hata mimi. Nilitakiwa nilete cheti cha TOEIC, ule mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, mtu niliyesoma kila somo kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Nikalipa, nikafanya, nikapeleka. Kwenye chumba cha mtihani nilikaa na vijana wa Kithai ambao ningeweza kuwa mwalimu wao, mmoja akaniuliza kama nimepotea njia.

Lakini nakuonea wivu kidogo. Huku Kiswahili sina wa kumficha wala wa kumwonyesha. Asubuhi saa mbili kamili wimbo wa taifa unapigwa, tunasimama wote kama miti, na mimi ndani ya kichwa nahesabu kwa Kiswahili nisije nikasahau. Siku ya kuwaheshimu walimu, mwezi wa Juni, watoto walipiga magoti wakanipa maua yaliyofumwa kwenye sinia, nikatafuta neno la kusema, likaja "pokea baraka". Nikalisema. Hakuna aliyeelewa, wote wakainamisha vichwa.

---

MamaWawili_Maskati

Assalaam alaykum. Mwalimu, mie ndo huyo mzazi wenu mnayemjadili. Si yule aliyelalamika, lakini ningeweza kuwa.

Naona mnazungumza kana kwamba sie Waomani wa Unguja tukisikia Kiswahili mahala popote tunayeyuka kwa furaha. Hebu nikupeni na upande wa pili.

Mie nimezaliwa hapa Maskati. Nilipoanza skuli miaka ya 80, Kiarabu changu kilikuwa kibovu, kwa sababu nyumbani kilikuwa Kiswahili mtindo mmoja, mama, bibi, makhalati wote. Watoto wenzangu wakinicheka, "Zinjibari, Zinjibari". Nilikuja nyumbani nikamwambia mamaangu asiniitie kwa Kiswahili akija kunichukua. Alinyamaza. Kesho yake alikuja, akanipungia mkono tu, hakusema neno. Nina miaka 45 na mkono ule nnauona mpaka leo.

Sasa jueni mamaangu alikuwa nani. Mwaka 1970 alipokamata nchi Sultan Qaboos, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu. Tatu! Sultani akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge kwao. Mamaangu alirudi na Kiingereza alichokisoma Unguja, na mwaka 1972 akawekwa kusomesha wasichana Kiingereza, wengine wakubwa kuliko yeye. Hapakuwa na aliyemuuliza lafudhi yake ya wapi wala pasipoti yake rangi gani. Wako mabibi wazima hapa mjini, maofisini na mahospitalini, Kiingereza chao kimetoka kwenye mdomo wa Mzanzibari, na leo wajukuu zao ndo wanataka mwalimu mwenye macho ya buluu. Nacheka, lakini nacheka vibaya.

Kwa hivyo mie sitaki uwasomeshe wanangu kwa Kiswahili. Nimelipa Kiingereza, nataka Kiingereza, na mkuu wako kwa hilo simlaumu hata kidogo. Kiswahili watapata kwa bibi yao na mishkaki ya Ijumaa. Nnachokitaka ni wakuone. Wamuone mwalimu wao, anayejua kuliko wote mle ndani, anasema bila ya kuinamisha uso: mie natoka Tanga, Kiswahili ndiyo lugha yangu, sasa funguweni ukurasa wa nne. Basi. Sentensi moja kwa Kiingereza. Mwanangu mdogo akija nyumbani na habari hiyo, mie ndo ntakaelia.

Na huyo aliyesema Kiafrika, muulize bibi yake alikuwa akisemaje jikoni. Usimuulize kweli lakini. Una kibali.

---

MwalimuWaChumbageni

MamaWawili, nimesoma maneno yako jikoni wali ukaungua. Sina la kusema kwa sasa. Huo mkono.

Kibokoni, karatasi nimeshakata 26. Mkale, barua pepe nimetuma usiku huu, nimeifuta mara tatu nikaiandika tena.

---

Mpitaji_tu

Samahani kuingilia. Vyeti vyangu vimeshagongwa mihuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Oman pale Dar. Je, nije na vitabu vya kufundishia kutoka nyumbani?

---

Kibokoni1974

Vitabu wacha, shule zina vyao na hutoruhusiwa kuviacha. Njoo na viatu vya kusimama, na kanga mbili za kujifunika kwenye kiyoyozi.

---

MwalimuWaChumbageni

Wiki imeisha, nimerudi na habari.

Kwanza jibu la barua pepe. Lilikuja Jumamosi usiku, mstari mmoja: nje ya kipindi, wakati wa mapumziko, kama mtoto mwenyewe ameanza. Mkale, nimelichapa, liko kwenye faili langu mwenyewe.

Jumapili nilikuwa nimepanga niseme sentensi moja tu kama MamaWawili alivyoagiza. Wameingia, wavulana dishdasha nyeupe mpya zimenyooka na kofia za kumma, harufu ya udi darasa zima, kila mtu na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Wawili wakafungua madaftari kutoka nyuma, upande wa Kiarabu, wakaandika majina yao vizuri sana kwenye ukurasa wa mwisho. Nikawageuzia. Nikasema mimi ni nani. Natoka Tanga, Tanzania, mji uko baharini. Lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili, ya pili ni hii mnayoisikia. Nikameza mate, nikasema fungueni ukurasa wa nne.

Hakuna aliyefungua. Mkono ukanyooka. "Miss, Tanga have sea same like Salalah?"

Mnajua wao likizo wanakwenda Salalah, kusini mwa Oman, Agosti ndiyo msimu wa manyunyu, kila kitu kijani, maji yanateremka milimani. Ukitoa insha ya likizo unapata Salalah 26. Mimi nilipelekwa mara moja na walimu wenzangu, nikateremka garini nikaona minazi, migomba, mapapai yamepangwa mezani barabarani, mtu ana panga anakata nazi anatia mrija. Nilisimama pale nikawa sisikii ninachoambiwa, niko Chumbageni, kwetu Tanga.

Basi nikachora mnazi ubaoni. Nikauliza hiki nini, kwa Kiingereza. Coconut, coconut. Mvulana wa nyuma kabisa, mnene kidogo, akasema taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole: "My grandmother say dafu."

Darasa likamgeukia. Nikaona uso wake unaanza kuingia ndani ya kola. Nami naijua barua iliyo kwenye faili, na ruhusa niliyopewa ni ya mapumziko. Nikasema kwa Kiingereza: bibi yako ana neno zuri, nasi tuna s inayokosekana, "my grandmother says". Sema tena. Akasema tena, na s yake. Nikawaambia wote waseme neno moja ambalo bibi yake hulisema na wengine hawalijui. Jamani! Yule wa Kibalushi akatoa lake, wa milima ya Jebel Akhdar akatoa lake, mmoja bibi yake Mlawati, jamii yenye lugha yake, akatoa neno ambalo hata mwenyewe hajui maana. "My grandmother says" mara 26, na kila aliyeiacha ile s darasa zima lilimzomea. Ukurasa wa nne tuliufungua Jumatatu.

Karatasi za Kibokoni tulizifanya Jumanne. Mkuu wa idara alipita dirishani akaona watoto 26 wanapuliza vikaratasi, akasimama, akaendelea na safari yake. Sijaitwa mpaka sasa.

Bi Kimya yuko darasa la tano, ghorofa ya juu. Jumatano alinikuta kwenye ngazi na wenzake watatu. Nikajiandaa kunong'ona kama kawaida yetu. Akapaza sauti, "Mwalimu, shikamoo!", halafu akawageukia wale wenzake akawaeleza kwa Kiingereza kwamba hivyo ndivyo anavyosalimiwa mtu mkubwa, na kwamba wao wakisema hawatapata jibu zuri kama yeye. Sikumsahihisha hata neno.

Kuna jambo moja linaendelea sasa hivi na ndilo limenifanya niandike. Bibi yake amesikia kwamba nimeshasema hadharani, akasema atakuja kwangu leo Jumamosi kunipongeza. Ujumbe umeandikwa kwenye simu ya mwanawe: "Mama anakuja Jumamosi saa nne." Nikaamka alfajiri, nikasaga mchele niliouloweka jana, nikapika vitumbua sinia zima na chai ya tangawizi, nikafagia mpaka ngazi za jirani.

Ujumbe ukiwa wa bibi, ni saa nne ya asubuhi. Ukiwa wa mwanawe, ni saa kumi ya jioni. Naona haya kupiga simu kuuliza.

Sasa hivi ni saa nne na dakika 40. Vitumbua vinapoa.